Barua kwa mwanangu: Mama yako alilalamika

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Huku nyumbani hatujambo, ila goti langu linagoma asubuhi kukiwa na ukungu. Ndizi mshale zimezaa vizuri mwaka huu.

Siku mbili baada ya ibada ya shukrani, ile ya kutimiza miaka 10 tangu tumzike mama yako, uliniandikia: "Baba, wote waliosimama kusema walisema mama aliugua miaka tisa bila kulalamika hata siku moja. Ni kweli? Maana mimi nikipatwa na jambo dogo tu namkasirikia Mungu, halafu najiona si mtoto wake." Nilisoma, nikaiweka simu mezani. Jambo hili lilitaka kalamu.

Si kweli, mwanangu. Alilalamika. Nilikuwepo.

Wale waliosema hawakudanganya, walisema walichokiona. Walimwona Alhamisi kwenye umoja wa wanawake. Walimwona kwenye kwaya amejifunga kilemba, nywele zimenyonyoka zote. Walimwona kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada akiukomboa kwa fedha mkungu wa ndizi aliouleta yeye mwenyewe, kisha anamtwisha bibi mjane wa pale chini aende nao. Hayo yote ni kweli na usiyaondoe moyoni. Lakini hawakulala naye chumba kimoja.

Ilianza mwaka 2005, wewe una miaka mitatu. Uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama buni. Alikaa nao miezi sita bila kuniambia, kwa sababu haukuuma. Hapa nisikilize kama binti yake: saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi. Usingoje maumivu ndipo uende kupimwa.

Walimfanyia upasuaji hapa Moshi, zikafuata dripu za dawa za saratani. Ile dawa nyekundu ilimtisha sana. Alikwenda haja ndogo, akaona mkojo mwekundu, akaniita kwa kelele akidhani ni damu, kumbe muuguzi alishamwambia na yeye akasahau. Halafu mionzi. Siku hizo kutoka Kilimanjaro ilibidi uende Dar es Salaam, Ocean Road, kwenye lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari. Tuliuza ng'ombe kwa ajili ya nauli na malazi. Alikaa majuma zaidi ya matano, kifuani amechorwa mistari ya wino aliyokatazwa kuisugua asije akaifuta.

Huko ndiko alikojifunza kulalamika. Walikuwepo akina mama kutoka Kigoma, Mtwara, Tabora, kila mmoja na ugonjwa wake, na jioni walikaa pamoja wakitazama meli zikiingia bandarini. Wengi walipenda Zaburi ya Bwana ndiye mchungaji wangu. Mama mmoja Mgogo, Mwanglikana, akamwambia: hiyo utaisoma ukipata nafuu, sasa hivi soma ya 88. Umewahi kuisoma? Mtu anamlilia Mungu mwanzo mpaka mwisho, wala hamalizii kwa sifa kama zilivyo zaburi nyingi za kilio. Inaishia gizani.

Aliporudi nikaanza kumsikia. Kanisani aliomba Kiswahili kama sisi sote, ila akiwa peke yake aliomba Kichagga, na hakusema Mungu, alisema Ruwa. Alfajiri moja nilimfuata kihambani, nikamkuta amesimama kati ya migomba anasema kwa sauti ya ugomvi kabisa: "Ruwa, nimekuimbia tangu nikiwa msichana. Mtoto wangu ni mdogo. Unataka nani amsuke nywele?" Nilishtuka. Mimi ni mzee wa kanisa, nikamwambia, mke wangu, usiseme naye hivyo. Akanigeukia. "Kwani nikamwambie nani? Wewe utaniponya?"

Sikuwa na jibu. Sina hata leo.

Mwaka 2010 mgongo ukaanza kumuuma, wakakuta saratani imeingia kwenye mifupa. Mwaka uliofuata ndio ule wa kikombe cha Babu, yule mchungaji mstaafu aliyegawa dawa ya mitishamba kule Samunge, Loliondo, watu kwa maelfu wanapanga foleni wapate kikombe cha shilingi 500. Bibi yako alimsihi kwa machozi, naye akakubali kwa ajili yake. Tulilala garini. Alikunywa, akashukuru, tukarudi. Kesho yake asubuhi akameza vidonge vyake kama kawaida. Mtu mmoja wa jumuiya yetu alipojua akamwambia mbele ya watu kwamba hatapona kwa sababu ana imani haba.

Hilo ndilo lililomuumiza kuliko sindano zote, nami nimelibeba mpaka leo. Mgonjwa ana mzigo wake tayari, halafu unamwongezea wa kuambiwa kwamba kosa ni lake. Usiku ule alilia mpaka mto ukalowa. Majuma matatu hakwenda kwaya. Tuliwaambia watu ni mgongo.

Kisha akarudi. Usiniulize nini kilimrudisha, sikijui. Jumapili ile alivaa sare yake, akaniomba nimshike mkono kwenye ngazi, akaimba sauti ya pili kama zamani. Na Jumatatu alfajiri nikamsikia tena kihambani anagombana na Ruwa. Aliyafanya yote mawili miaka ile yote, mwanangu, na sikuona hata siku moja jambo hili likilifukuza lile. Hakugombana na mtu aliyemwacha. Alirudi kwake kila asubuhi.

Mwaka wa mwisho alikuwa anakunywa mofini ya maji kila baada ya saa nne, na katikati, maumivu yakitulia, alinifundisha kusuka. Utakumbuka jinsi nilivyokuumiza. Nilijifunzia kwanza kwenye nyuzi za mgomba alizonifungia kwenye mguu wa kitanda. Nilichokiweza ni mtindo wa twende kilioni tu, na mistari yenyewe ilipinda, ila yeye alisema inatosha. Ulikuwa na miaka 12 tulipomzika, na asubuhi ile nywele zako nilizisuka mimi.

Biblia yake ninayo kabatini. Pembeni mwa Zaburi ya 88 ameandika tarehe kwa penseli, nyingi, mpaka nafasi imekwisha na nyingine zimepanda juu kwenye ya 87. Pengine penseli imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Ukija Desemba utaichukua, ni yako.

Baba yako