Siku mbili Kisumu na watoto

Dada, umeuliza kama siku mbili zinatosha Kisumu ukitoka Nakuru na watoto wawili, nawe unaogopa viboko. Zinatosha, na hofu yako ni ya haki.

Anzeni Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapo Kisumu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ziwa likiwa bado limetulia. Alasiri upepo huvuma na mawimbi hukua. Kila mtoto avae jaketi la kuokoa maisha lililofungwa vizuri kabla boti haijatoka. Kama halimkai, msipande. Mimi niliwahi kumshusha mwanangu kwa sababu hiyo, akalia sana, na sijutii. Kiboko akichomoza masikio kando ya mafunjo, mwambie nahodha asimsogelee hata kwa ajili ya picha.

Wasiogelee wala kuchezea maji ya ufuoni: kuna kichocho. Malaria nayo ni nyingi huku, kwa hiyo chandarua ni lazima; mtoto akipata homa, hata mkisharudi, mpeleke hospitali akapimwe siku hiyohiyo.

Siku ya pili nendeni Kit Mikayi, miamba mikubwa iliyopandana, barabara ya Bondo. Jina hilo ni Kijaluo, "jiwe la mke wa kwanza". Watu huja kusali pale, basi ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha.