Takwimu za MTUHA zinawasaidiaje viongozi kuamua?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mganga mfawidhi wa zahanati ya kijijini, Tanzania. Kila mwezi tunajumlisha rejesta za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, na kupeleka taarifa wilayani, lakini bajeti inapopangwa sisikii takwimu hizo zikitajwa. Uongozi unapaswa kuzitumiaje?

JIBU: Ndugu msomaji, malalamiko yako ni ya haki. Taarifa hizo huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, na ulioenea Tanzania nzima kufikia mwaka 2013, ambao humwezesha Mganga Mkuu wa Wilaya kulinganisha zahanati moja na nyingine akiwa mezani pake. Chukua mfano wa chanjo: ikiwa watoto 80 walipata Penta 1, dozi ya kwanza ya chanjo inayokinga magonjwa matano, na 60 tu ndio waliofika Penta 3, dozi ya tatu, walioishia njiani ni asilimia 25, ilhali kiwango kikizidi asilimia 10 huhesabiwa kuwa tatizo. Hapo kiongozi hana budi kuuliza kama jokofu liliharibika, chanjo ziliisha, au akina mama wanatoka mbali mno, kwa maana kila jibu lina gharama yake katika bajeti. Tarakimu iliyokisiwa usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha humpotosha kabisa, na jambo hili linaniuma, kwa kuwa mtoto asiyeandikwa hapangiwi dozi. Omba wilaya ikupe mrejesho kila robo mwaka, ubandike grafu ya chanjo ukutani, uijaze kwa kalamu, kisha uipeleke kwenye kikao cha kamati ya afya ya kituo kabla mpango wa mwaka haujafungwa.