Maswali ya Wasomaji: Neva Iliyobanwa Shingoni na Tiba ya Mikono

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 46, fundi cherehani. Tangu kabla ya Pasaka nasumbuliwa na maumivu yanayoanzia shingoni upande wa kulia, yanapita nyuma ya bega na kushuka mkononi hadi kidole cha kati, ambacho sasa kimekufa ganzi. Nikipiga pasi, mkono unaishiwa nguvu kila ninapoisukuma mbele. Nilipigwa picha ya MRI nikaambiwa kwamba diski, yaani mto laini ulio kati ya pingili (mifupa) ya sita na ya saba ya shingo, imetokeza na inabana neva (mshipa wa fahamu), nikaandikiwa dawa na fiziotherapia. Shemeji yangu ananihimiza niende kwa kinyozi wake, ambaye humgeuza shingo mpaka ikalia, naye husema anapona papo hapo. Je, shingo yenye neva iliyobanwa inafaa kushikwashikwa? Au nisubiri upasuaji tu? (Fundi cherehani, Morogoro)

JIBU: Pole sana, dada yangu. Nianze na la kinyozi, kwa kuwa ndilo la hatari: usiende. Yaelekea shemeji yako hukaza misuli tu kwa uchovu, na hiyo hulegea hata kwa maji ya moto. Wewe una neva iliyobanwa na mkono uliokwisha kupungua nguvu. Shingo ya namna hiyo ikizungushwa kwa ghafla, diski inaweza kuibana neva zaidi. Tena, ingawa hutokea kwa nadra, mshipa wa damu unaopita kwenye matundu ya pingili za shingo kuelekea nyuma ya ubongo unaweza kuchanika ukuta wake wa ndani na kusababisha kiharusi. Ule mlio wenyewe ni wa gesi iliyomo ndani ya maungio. Haimaanishi kwamba mfupa umerudi mahali pake.

Tiba ya mikono inayotolewa na mtaalamu wa fiziotherapia ni kitu kingine, na haianzi kwa kushika bali kwa kupima. Shingo ina pingili 7 lakini jozi 8 za neva, na ile inayotokea kati ya pingili ya sita na ya saba ndiyo neva ya saba, ambayo huhudumia kidole cha kati na msuli wa nyuma ya mkono unaonyoosha kiwiko, yaani ule ule unaousukumia pasi. Kwa hiyo maelezo yako yanalingana na picha yako. Nalisisitiza hilo kwa sababu watu wengi wasio na maumivu yoyote nao huonekana na diski zilizotokeza wakipigwa MRI, na picha isiyolingana na dalili isiwe msingi wa tiba.

Mtaalamu atakugongagonga juu ya kiwiko kwa kinyundo cha mpira, atapima nguvu za mkono, kisha atafanya vipimo vinne: atainamisha kichwa upande unaouma na kukibonyeza taratibu, atakivuta juu aone kama maumivu yanapungua, ataunyoosha mkono kwa namna inayoivuta neva, na ataangalia kama unashindwa kugeuza shingo upande huo kufikia nyuzi 60. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vipimo hivyo vyote vinne vikikubaliana, uwezekano wa neva kubanwa shingoni hufikia asilimia 90. Hata nyumbani unaweza kuweka kiganja cha mkono unaouma juu ya utosi; wengi wenye tatizo hili husikia nafuu, kwani neva hulegea.

Akisharidhika, atakulaza chali na kuisogeza pingili husika pembeni kidogo kidogo, kwa mwendo wa taratibu unaojirudia, bila kishindo. Huenda akakivuta kichwa kwa mikono miwili na kukiachia, akalegeza maungio ya mgongo wa juu, na kukufundisha kuutelezesha mkono ili neva isogee ndani ya njia yake. Wakati wote huo zingatia jambo moja: maumivu yakirudi nyuma, yakatoka mkononi na kubaki shingoni, hiyo ni dalili njema hata kama shingo yenyewe inauma zaidi siku hiyo; lakini yakiteremka zaidi kuelekea vidoleni, mwambie asimame hapo hapo. Mtaalamu anayekujibu “vumilia tu” simsifu.

Mikono hiyo hairudishi diski ndani. Inapunguza maumivu na kulegeza misuli iliyojikaza kuilinda neva, huku mwili wenyewe ukiendelea kuisinyaza diski, kazi inayochukua wiki au miezi. Ndiyo maana mimi huikubali tiba ya mikono ikiambatana na mazoezi, na ikiwa peke yake huiona ni nusu ya kazi. Zoezi la kuanzia ni jepesi kuliko linavyodhaniwa: ukiwa umelala chali, itikia “ndiyo” polepole kwa kidevu bila kuinua kichwa, shikilia kwa sekunde 10, pumzika, rudia hadi mara 10. Kwa sasa acha kubeba ndoo kichwani, na inua meza ya cherehani ili usishone ukiwa umeinama.

Kuhusu upasuaji, wengi hupona bila kufika huko. Hata hivyo, nguvu za mkono zikizidi kupungua, rudi kwa daktari mara moja. Na maumivu yasipopungua baada ya wiki 6 za tiba ya kweli, omba rufaa ya kumwona daktari wa upasuaji wa mifupa au wa neva.

SWALI: Mtaalamu, nina miaka 58, ni dereva wa trela. Shingo hainiumi sana, ila vidole vya mikono yote miwili vimekuwa vizito hata kufunga vifungo vya shati ni shida, na nikitembea najikwaa kama mlevi. Naomba unielekeze mahali pa kufanyiwa masaji nzuri. (Dereva, Mombasa)

JIBU: Ndugu dereva, masaji hapana, na kuvutwa shingo pia hapana. Mikono yote miwili pamoja na miguu ikiathirika, hofu si ya neva moja, bali ya uti wa neva wenyewe unaopita katikati ya pingili kubanwa, na hali hiyo haingoji. Nenda hospitali wiki hii, mweleze daktari habari ya vifungo na ya kujikwaa kama ulivyonieleza mimi, na uombe MRI ya shingo. Usukani uache kwanza. Haja ndogo au kubwa ikianza kukushinda kuizuia, au mkojo ukigoma kutoka, nenda siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.