Programu gani ya hesabu?

Shikamoo, mama. Kampuni yetu ya usafi ina wafanyakazi 60, Excel imetushinda. Tununue QuickBooks au Tally? – Msomaji, Sinza, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Jina liache kwanza. Mwite muuzaji, mpe ankara yenu moja ya kweli: VAT asilimia 18, halafu mteja amekata kodi ya zuio asilimia 5 ya bei kabla ya VAT, akalipa kilichobaki. Hiyo 5 isomeke kama kodi mliyokwisha kulipa, isining'inie kama deni la mteja. Wauzaji wengi hutokwa jasho hapo! Kisha akuonyeshe risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ikitoka bila kuandika upya. Kukokotoa PAYE (kodi ya mishahara) na NSSF (michango ya hifadhi ya jamii), lazima. Muulize pia: mkiacha kulipia programu, data zenu mtazitoaje? Akibabaika, mnyweshe chai aende zake.