Daktari, mkojo wangu utakutwa na urani?

SWALI: Daktari habari za kazi. Miaka ya 2000 nilikuwa askari wa ulinzi kule Iraq, karibu na geti letu kulikuwa na vifaru vilivyoungua na kivuli chake ndo tulikuwa tunapumzikia. Sasa niko nyumbani Tororo, jamaa mmoja ananiambia nipime mkojo, eti wakikuta urani nimekwisha. Ni kweli? – Askari mstaafu, Tororo

JIBU: Afande, huyo jamaa anakutisha bure. Ukipimwa na mashine nzuri urani, yaani ile metali nzito yenye mionzi, itaonekana, hata yangu itaonekana, maana iko kwenye udongo, maji ya kisima na mihogo tunayokula, inaingia kidogo kidogo na figo zinaitoa. Na huko kwenu Tororo kuna fosfeti (madini ya mbolea) ya Sukulu, mawe ya aina hiyo kawaida huwa na urani kidogo, kwa hiyo kiasi peke yake hakituambii kama imetoka Iraq au kisimani.

Kinachotuambia ni uwiano wa isotopu, yaani aina za urani zinazotofautiana uzito, na namba ndo majina yake. Kwenye urani ya asili ile 238 inaizidi 235 karibu mara 138. Ile ya risasi za kutoboa vifaru imeshachujwa 235 yake nyingi, uwiano unaruka hadi kama 500. Maabara ikikupa namba moja tu ya kiasi, bila uwiano, usilipe.

Utasema miaka imepita mingi. Kule Colonie, New York, kiwanda kilichotumia urani ya namna hiyo kilifungwa 1984, na zaidi ya miaka 20 baadaye baadhi ya wafanyakazi na majirani bado ilionekana kwenye mkojo wao, kwa hiyo vumbi la vifaru hivyo ulilovuta, kama lilikuwa na urani hiyo na likiwa la kutosha, kipimo kinaweza kulinasa.

Mkojo wanataka wa saa 24: ule wa kwanza asubuhi unamwaga, halafu unakusanya wote mpaka wa kesho asubuhi, na uweke kwenye chupa ya plastiki ya maabara, sio kidumu cha mafuta ya kupikia hata ukikisugua vipi, tunatafuta vitu vidogo mno na uchafu kidogo unaharibu kila kitu.

Ila mimi ningeanza na figo, maana urani ikizidi ndo inakopiga kwanza. Nenda hospitali kubwa, hata Mbale, omba kreatinini ya damu (taka ambayo figo zikichoka huongezeka kwenye damu) na protini kwenye mkojo. Na kama una kipande cha chuma kilichobaki mwilini, hicho kitaje kabla ya yote.