Jibu: Sharti la cheti cha chanjo likifutwa, mwenye mgahawa haruhusiwi tena kukidai?

Mkuu, umeuliza kama New York walipofuta sharti la cheti cha chanjo ya korona, wenye migahawa walikatazwa kumdai mteja cheti. Hapana. Kilichoondoka ni amri ya jiji. Ilianza Agosti 2021, ikasitishwa Machi 7, 2022. Baada ya hapo mwenye mgahawa au ukumbi wa mazoezi hakulazimika tena kukagua, ila akitaka kuendelea mlangoni kwake, ruksa. Kumbi za maigizo za Broadway ziliendelea kudai cheti hadi mwisho wa Aprili.

Ila usichanganye mteja na mfanyakazi. Sharti la waajiri binafsi lilibaki mpaka Novemba 1 mwaka huohuo. Yaani mteja anakaa anakula bila kuulizwa kitu, anayembebea sahani lazima awe amechanja! Hapo hata mimi nilicheka.

Huku kwetu Tanzania chanjo ilizinduliwa Julai 28, 2021 na ilikuwa hiari, kwa hiyo cheti cha kuingilia hotelini hatukukijua. Lakini kwa mama ntilie wangu pale Kirumba Mwaloni, soko la samaki Mwanza, kulikuwa na ndoo ya koki, na kipande cha sabuni kimening'inizwa kwenye kipande cha wavu kuukuu. Ukipita bila kunawa unarudishwa, hata uwe tajiri wa mitumbwi. Watu walishaacha barakoa zamani, yeye bado anakurudisha. Ndicho walichoachiwa wale wa New York: mwenye mlango aamue mwenyewe.