Maswali ya Wasomaji: Giaboksi ya Otomatiki Katika Gari la Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Masasi. Mwaka jana nilinunua kwa mtu Toyota Premio ya mwaka 2003, otomatiki, injini ya lita 1.5, na mita yake inasoma kilomita 186,000. Asubuhi nikiweka D gari hukaa kidogo kabla ya kushika, kisha hushtuka. Likishapata moto tatizo hupungua. Nikipanda Newala gia hupanda na kushuka bila kutulia. Fundi mmoja amenionya nisimwage oili ya zamani kwa kuwa ndiyo inayoishikilia giaboksi. Mwingine amenishauri niagize giaboksi ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Nimfuate yupi, na giaboksi hii imebakiwa na maisha kiasi gani?
Mwalimu mstaafu, Masasi

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Kwa maelezo yako, nakuomba usimfuate yeyote kati yao kabla kijiti cha kupimia oili ya giaboksi hakijachomolewa na kutazamwa vizuri, kwa sababu hakuna hata mmoja ambaye umesema alikitazama.

Nianze na kilomita. Giaboksi ya gia nne iliyo katika gari lako ni imara, na ikitunzwa si ajabu ivuke kilomita 300,000. Ikipuuzwa inaweza kufa kabla ya kufika 150,000. Tena mita za magari yaliyotumika huchezewa, kwa hiyo namba unayoisoma hapo si ushahidi wa kutegemewa. Kinachoimaliza giaboksi ya namna hii ni joto. Ndani yake mna klachi za bamba nyembamba zilizobandikwa nyenzo ya msuguano, nazo hubanwa kwa presha ya oili ile ile inayozilainisha na kuzipoza. Oili ikichakaa au ikipungua, presha hushuka, bamba huteleza badala ya kushikana, na kule kuteleza huzaa joto linaloiunguza oili zaidi. Mafundi wana kanuni kwamba oili hii hufanya kazi vizuri ikiwa kwenye nyuzi 80 hivi za Selsiasi, na kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 juu ya hapo, maisha ya oili hupungua kwa nusu. Kwa anayeendesha kwenye joto la ukanda wetu, akapakia magunia ya korosho wakati wa msimu na kukwama kwenye mchanga wa mashambani huku akibadilisha D na R ili ajinasue, nyuzi hizo za ziada hupatikana upesi sana.

Sasa kijiti. Endesha gari mpaka lipate moto, lisimamishe mahali tambarare, vuta hendibreki, na huku injini ikiendelea kuunguruma pitisha gia pole pole kutoka P hadi L na kurudi P. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudishe, ukichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili za sehemu ya moto (HOT). Kisha dondosha matone kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa nyekundu, au hudhurungi bado inapitisha mwanga, una matumaini. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi zimeshaanza kuliwa. Ikiwa na rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa, maji ya rejeta yameingia, na hapo usiliendeshe gari tena, kwa sababu maji hulegeza gundi inayoshikilia nyenzo ya msuguano kwenye bamba. Hili la mwisho linawahusu sana wenzetu wa Mtwara mjini, Mikindani na Lindi wanaojaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi: bomba la kupozea oili ya giaboksi limo ndani ya rejeta hiyo hiyo, na chumvi hulitoboa kimya kimya. Kulanti, yaani kimiminika maalumu cha rejeta, ni ghali kuliko maji, lakini si ghali kama giaboksi.

Kukawia kwa asubuhi peke yake si hukumu ya kifo. Gari lenye zaidi ya miaka 20 huwa na sili za mpira zilizokakamaa, ambazo hupitisha presha zikiwa baridi na kuziba zikipata moto. Oili pungufu au chujio lililoziba huleta dalili hizo hizo. Kipimo kinachotumika kwa Toyota ni hiki: gari likiwa na moto, kutoka N kwenda D isizidi sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R isizidi sekunde 1.5. Mwombe kijana mwenye simu akupimie. Ukiwa ndani ya muda huo, giaboksi yako haijafika kwenye kufumuliwa.

Na kule kuhangaika kwa gia unapopanda Newala huenda si ugonjwa kabisa. Gia ya nne ni nyepesi mno kwa mlima, kwa hiyo kompyuta huiingiza na kuitoa, na kila mara oili hupata moto. Bonyeza kitufe cha O/D (overdrive, yaani gia hiyo ya nne) kilicho kwenye mkono wa gia mpaka taa ya O/D OFF iwake, ili gari libaki gia ya tatu hadi ufike juu. Wakati wa kushuka tumia 2, usiache gari liserereke kwenye N. Taa hiyo ikianza kuwaka na kuzimika yenyewe, hapo ndipo kompyuta inapokuambia kuna hitilafu, na gari lipelekwe likapimwe kwa mashine.

Kuhusu kumwaga oili, fundi wa kwanza ana sehemu ya ukweli. Giaboksi ambayo tayari inateleza na oili yake ni nyeusi inaweza kuacha kushika kabisa baada ya oili kubadilishwa. Lakini klachi zake zilikuwa zimekwisha tangu mwanzo, na oili mpya imefichua tu hali hiyo. Kama yako haitelezi, badilisha, ila usikubali kusafishwa kwa mashine ya kusukuma oili kwa nguvu, maana uchafu uliotulia huweza kuhamia kwenye vijia vyembamba vya valvu. Fungua nati ya chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi. Zitatoka lita tatu hivi, na nyingine itabaki ndani. Rudisha kiasi kile kile kilichotoka, endesha kilomita elfu moja au mbili, kisha rudia mara mbili. Ukishusha sampu, tazama sumaku zake: tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni habari mbaya. Jina la oili huwa limechapwa kwenye kijiti chenyewe. Kwa gari lako tarajia Type T-IV. Usichanganye na WS, ambayo ni nyepesi zaidi, wala na oili ya CVT (giaboksi za mkanda zisizo na gia za hatua), hata muuzaji akikuapia kwamba zote ni sawa.

Giaboksi ya mtumba iwe hatua ya mwisho, kwa kuwa historia yake huijui kama usivyoijua hii uliyonayo. Ukilazimika, linganisha namba yake na ile iliyo kwenye kibati cha gari penye maneno TRANS/AXLE, na upate dhamana ya maandishi.

SWALI: RAV4 yangu ya otomatiki ilizima injini Mchinga ikavutwa kwa kamba hadi Lindi mjini. Tangu siku ile giaboksi inaunguruma. Je, kuna uhusiano?
Msomaji, Lindi

JIBU: Pole sana, ndugu. Inaelekea uhusiano upo. Pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikizimika, magurudumu yanazungusha vyuma vya ndani visivyopata oili ya kutosha, hata kama umeweka N. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele huvutwa yakiwa yameinuliwa, na linaloendeshwa kwa yote manne hupakiwa lote juu ya gari la kubebea. Acha kuliendesha, fungua sampu, na kama kuna vipande vya chuma tafuta fundi wa kuifumua giaboksi kabla vipande hivyo havijaingia kwenye valvu.